Maswali ya Wasomaji: Kuingia Kisiwani kwa Tanga Ukiwa Peke Yako

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaosafiri peke yao kwa tanga kutoka Mwanza, Musoma au Sengerema kwenda visiwani. Tumechagua zile zinazouliza juu ya kufika. Katikati ya Ziwa Victoria ukikosea una kilomita nzima ya kujirekebisha. Mbele ya gati una mita ishirini, umechoka, na watu wanakutazama.

Wakubwa wa safu hii, shikamooni. Nina mtumbwi wa mbao wa mita saba, tanga moja, hauna injini. Nataka kutoka Kirumba, Mwanza, kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, peke yangu. Kivuko hutumia kama saa tatu. Mimi nikadirie saa ngapi, na nifike wakati gani? — Kijana wa Kirumba

Marahaba. Tuanze na hesabu. Kirumba hadi Nansio ni kama kilomita 50, ukijumlisha kukwepa miamba na kutoka kwenye Ghuba ya Mwanza. Mtumbwi kama wako, ukiwa na mzigo mdogo na upepo wa wastani, huenda kilomita 6 hadi 7 kwa saa. Hizo ni saa saba au nane iwapo upepo hautakata, na utakata tu. Panga saa kumi.

Sasa huo upepo. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na hewa hutiririka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa upande wetu wa Mwanza huo ni upepo wa kusini, nao ndio wa kukupeleka. Jua likishapanda mambo hugeuka. Kuanzia saa 4 au 5 asubuhi upepo hufifia, maji yanalala kama mafuta, halafu mchana unaanza mwingine kutoka ziwani, yaani kaskazini, usoni kwako. Ukiondoka saa 3 asubuhi kama mtu anayekwenda sokoni, utapata mabaki ya upepo mzuri kabla hujamaliza ghuba, kisha siku nzima ni kubisha, yaani kwenda mshazari huku na huko dhidi ya upepo. Tanga letu la pembetatu kwenye chombo cha kazi haliwezi kuukaribia upepo sana. Ukienda nyuzi 60 kutoka upepo unakotoka, kila kilomita moja ya kusogea mbele unailipia kilomita mbili za maji. Kilomita 10 za mwisho zinageuka 20, zaidi ya saa tatu, na wewe una mikono miwili tu ya kushika usukani, demani (kamba ya kuvuta tanga) na ndoo ya kufulia maji.

Kwa hiyo, utabiri ukiwa hauna radi, ondoka saa 10 alfajiri. Utasema ni giza. Ndiyo, lakini giza la kuondoka si sawa na giza la kufika. Unakotoka unajua kila jiwe na kila nyavu ya jirani, na kila dakika inayopita mwanga unaongezeka. Kule unakokwenda hujui kitu, na ukichelewa kila dakika mwanga unapungua. Kwetu jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:10 jioni kutegemea mwezi, na likishazama una dakika ishirini na kitu kabla ya giza kamili. Basi jiwekee kikomo kabla ya kung'oa nanga: ikifika saa 9 alasiri na bado zimebaki zaidi ya kilomita 10, Nansio imekufa kwa siku hiyo. Unakwenda kwenye kinga uliyoichagua jana ukiwa umekaa mezani, nyuma ya kisiwa kidogo au rasi iliyokingwa upepo. Uamuzi huo uandike kwa mkaa ubaoni mwa chombo. Mtu aliyechoka ni hodari sana wa kujishawishi kuwa "ni pale tu".

Angalia pia msimu. Nansio iko upande wa kusini wa Ukerewe, inatazama Ghuba ya Speke. Kati ya Juni na Agosti, kusi kikikaza, upepo uleule uliokuleta unaingia bandarini moja kwa moja na kukusukuma kwenye gati. Safari inakuwa fupi na tamu, kufika kunakuwa kugumu. Jibu letu kwa barua ya Kome hapo chini linakuhusu.

Zikibaki kilomita tano au sita, kabla hujaanza kutofautisha nyumba, fanya kazi zote za bandarini. Kula kitu na unywe maji, maana baada ya hapo hutakumbuka. Fua ngama, yaani chini ndani ya chombo maji yanapokusanyika, hadi ikauke, kwa sababu maji ya lita 60 yanayocheza ndani ni sawa na mtu mzima mlevi anayetembea huku na huko wakati unageuza chombo. Weka nanga omoni, yaani mbele ya chombo, ifunge kwa fundo la kuvuta mara moja, na amari, yaani kamba yake, uikunje upya kutoka mwisho hadi mwanzo ili itoke bila kujisokota. Matairi ya bodaboda yatundike pande zote mbili, si upande mmoja, kwa kuwa hujui bado utaegemea wapi. Andaa kamba tatu: ya omo, ya tezi (nyuma), na ya katikati ya ubavu. Hiyo ya katikati ndiyo rafiki wa aliye peke yake, kwani ukiifunga kwanza, ikiwa fupi, inashika chombo chote mahali pake wakati unahangaikia nyingine. Fungua makasia, yawe tayari. Jaketi okozi liwe limevaliwa, si limekaliwa.

Halafu, ukishafika, usiingie. Pita mbele ya bandari mara moja, umbali wa mita 200 au 300, ukitazama. Kivuko kipo gatini au kinakuja? Moshi wa majiko unaelekea wapi? Vyombo vilivyofungwa vinaelekeza pua wapi? Gugumaji limejazana pembe ipi? Dakika kumi hizo ni nafuu kuliko ubao mmoja wa mninga.

Nimekulia Tanga, sasa ninafanya kazi Nyakato. Kwetu pwani ukikwama fungu unasubiri maji yajae. Je, ziwani? — Mpwani

Ziwani hakuna kujaa wala kupwa kwa kukuokoa, na pengine hili ndilo kosa la kwanza la watu wa pwani huku. Upepo unaovuma muda mrefu husukuma maji kuelekea ufuko mmoja na kuyainua kidogo, lakini huo si ratiba ya kuitegemea. Ukikwama umekwama hadi ushuke mwenyewe, upunguze uzito, au uvutwe. Kwa hiyo tunaingia polepole kuliko ninyi. Ukigusa chini kwa mwendo wa kutembea, unasukuma kwa upondo na kurudi. Ukigusa kwa kasi ya kusi, mkuku, uti wa chini wa chombo, umepanda juu ya jabali.

Jambo jingine. Kiwango cha ziwa hupanda na kushuka kwa miaka. Mei 2020 kilivuka rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1964, na mialo mingi, maegesho ya wavuvi ufukweni, ikamezwa. Pale ambapo maji yamepanda, chini yake kuna visiki, misingi ya vibanda na kuta za zamani ambazo hakuna ramani inayozionyesha. Muulize mtu wa mwalo huo huo, si wa mwalo wa jirani.

Nanga yangu ni ya kucha nne, fundi aliichomelea kwa nondo. Mara inaburuta, mara inakwama kwenye mawe haitoki. Tatizo ni nanga au mimi? — Mvuvi, Igombe

Ni chini ya maji, ndugu yetu, ambako hukuwahi kuuliza. Nanga ya kucha nne imetengenezwa kwa mawe. Inaingia kwenye ufa na kushika. Kwenye tope laini kucha zake ni nyembamba mno, zinapita kama uma kwenye uji. Mwanza na visiwa vyake ni nchi ya majabali ya matale, lakini kati ya majabali kuna vihori vyenye tope na mchanga. Ndiyo maana nanga ileile ni shujaa Jumatatu na kituko Jumanne.

Dawa ni bildi, kipimo cha kina cha maji. Chukua kipande cha risasi cha kilo moja, kifunge kamba nyembamba ya mita 20, piga fundo kila mita. Chini ya risasi chimba kitundu na ujaze sabuni ya mche. Ukiishusha, mafundo yanakupa kina, na sabuni inakuletea habari: ikirudi na mchanga ni mchanga, ikirudi na tope jeusi ni tope, ikirudi safi lakini ina mikwaruzo ni mwamba. Kazi ya dakika moja.

Kwa mtumbwi wa mita saba, nanga ya kilo 8 hadi 10 inatosha, ikiwa na mnyororo wa mita 3 hadi 5 na kamba ya milimita 12 yenye mita 40 au zaidi. Mnyororo si wa urembo. Uzito wake unalaza shina la nanga chini ili kucha ziingie, na haukatwi na jiwe kama kamba. Wengi mnaoburuta mnatoa kamba fupi. Hesabu hivi: kina cha maji mita 4, jumlisha urefu wa omo kutoka majini, sema mita 1, ni 5. Zidisha kwa 6 wakati wa utulivu, upate mita 30. Upepo ukikaza zidisha kwa 8, mita 40. Kwa kamba fupi kila wimbi likiinua omo linaivuta nanga kwenda juu, na kwenda juu ndiko namna ya kuing'oa.

Kwa tope, beba nanga ya pili yenye mabapa mapana. Kama mfuko hauruhusu, funga jiwe la kilo tano kwenye amari mita tano nyuma ya nanga, nalo litafanya nusu ya kazi ya mnyororo.

Kwa kukwama: kabla ya kushusha nanga kwenye mawe, funga kamba ya pili nyembamba kwenye kichwa cha nanga, pale kucha zinapokutana, na mwisho wake uweke kidumu cha lita tano kama boya. Nanga ikikataa kutoka, nenda kwenye kidumu na uivute kinyumenyume. Urefu wa kamba hiyo uwe kina cha maji na mita mbili zaidi. Ukiifanya ndefu sana itazunguka usukani wa mtu mwingine, na lawama ni yako.

Mwalo wetu hauna kinga, na alasiri upepo unapiga moja kwa moja ufukweni. Nikija peke yangu nashindwa kushika tanga na kamba kwa pamoja. Juzi niligonga. Nifanyeje? — Msomaji, Kisiwa cha Kome

Pole kwa kugonga. Umesema mwenyewe kosa liko wapi: unaingia ufukweni ukiwa bado na tanga. Upepo ukitoka nyuma, tanga haliwezi kupunguza mwendo. Ukiachia demani, foromali, mti unaobeba tanga, inabanwa kwenye mlingoti na henza, kamba ya kulipandisha, inakataa kuteremka. Unavuta, haiji, na ufuko unakuja.

Lazima tanga lituliwe mbali, na lituliwe chombo kikiwa kimeelekea upepo. Mita 100 kutoka ufukweni, au zaidi kama mawimbi ni makubwa, geuza omo itazame upepo. Tanga litapiga makofi, acha lipige. Achia henza kwa mpangilio, foromali ishuke ndani ya chombo, si ubavuni majini. Lifunge tanga kwa kamba mbili kabla ya kitu kingine chochote, maana tanga lililolegea litajaa upepo wakati mikono yako iko kwenye nanga.

Sasa acha upepo ukurudishe hadi ufuko uwe ndani ya urefu wa amari yako, ndipo ushushe nanga kutoka omoni. Usiirushe. Iteremshe hadi iguse chini, kisha acha upepo ukurudishe nyuma huku ukitoa amari kidogo kidogo. Ikishatoka mita 20 ifunge, uone inashika. Ikishika, omo itavutika kwa ghafla na kutazama mawimbi. Hapo umeshamaliza sehemu ya hatari, umesimama. Unaweza hata kunywa maji.

Kabla ya kuendelea kurudi nyuma, ng'oa usukani uuweke ndani. Watu husahau hili, wakafika kinyumenyume na kuvunja pini za usukani kwenye jiwe la kwanza. Kisha endelea kutoa amari hadi tezi ifike mita tatu au nne kutoka ufukweni au gatini. Hapo rusha kamba. Kamba ya kurusha iwe na mita 15, na mwisho wake chupa ya nusu lita iliyojaa maji nusu. Inaruka vizuri dhidi ya upepo na haimpasui mtu kichwa.

Kuna wanaopendelea kushusha nanga kutoka tezi na kuingia omo kwanza. Kwenye maji tulivu ni sawa. Lakini mitumbwi yetu mingi tezi yake ni ya chini, na mawimbi yakija kutoka nyuma yanapanda ndani. Sisi tunapendelea omo itazame ziwa. Zaidi ya hapo, siku ya kuondoka unajivuta tu kwenye amari hadi ulipo upepo safi, bila kuomba msaada.

Na wale vijana wa ufukweni wanaokuja kusaidia: wanapenda kuvuta. Ukiwarushia kamba ya omo watatu wataivuta kwa nguvu, omo itakuja, tezi itatoka, na chombo kitakaa ubavu kwa mawimbi. Piga kelele mapema, "Funga! Usivute!" Wakishafunga, wewe ndiye unayevuta kutoka ndani. Pia usisimame juu ya ukingo kuwahi kuruka. Mwili wa kilo 70 ukihamia ubavu mmoja wa chombo chembamba kilichopoteza mwendo unatosha kukilaza. Kivuko cha MV Nyerere kilichokuwa kimezidiwa watu kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa karibu kabisa kufika gati la Bwisya, Ukara.

Nasikia kuna watu huzunguka dunia peke yao kwa tanga. Wanalala saa ngapi? Nataka kwenda Musoma hadi Ukerewe kwa kupitia kaskazini, usiku kucha. Nami nilale hivyohivyo? — Mwalimu, Musoma

Wapo, Mwalimu. Joshua Slocum alikuwa wa kwanza, 1895 hadi 1898. Robin Knox-Johnston alizunguka bila kusimama popote kati ya Juni 1968 na Aprili 1969. Waliomo kwenye safari za namna hiyo leo hulala vipande vifupi, dakika 15 au 20, saa ya kengele ikilia. Hesabu yao ni kwamba meli inayotokea upeoni inaweza kuwafikia kwa muda wa namna hiyo, kwa hiyo wanaamka kabla.

Lakini wao wako kwenye bahari kuu, ambako kwa siku nzima huenda wasione kitu. Wewe uko ziwani. Kati ya Musoma na Ukerewe kuna nyavu za sangara, mitumbwi ya dagaa, miamba na visiwa vidogo visivyo na taa. Dakika 20 kwa kilomita 6 kwa saa ni kilomita mbili. Hatushauri kulala tanga likiwa juu, hata dakika tano.

Fanya hivi. Lala mchana kabla ya safari, saa nne za kweli, si kujinyoosha. Gawanya safari: njia hiyo ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo chagua kisiwa au ghuba ya kutia nanga katikati, ulale kwa nanga. Na ujue kukosa usingizi kunakufanya nini. Baada ya saa 20 bila kulala hutajiona umechoka, utajiona una akili sana. Utasoma dira mara mbili na kupata majibu mawili. Utaona ufuko mahali pasipo na ufuko, hasa alfajiri ukungu ukilala. Dalili nzuri ya kujipima: funga fundo la kitanzi ukiwa umefumba macho. Likikushinda, hufai kuingia bandari ngeni. Tia nanga nje ulale saa mbili kwanza.

Usiku jifunge kwa kamba ya kiunoni ya mita mbili iliyoshikizwa katikati ya chombo. Tezini buruta kamba ya mita 20 inayoelea, yenye mafundo. Ukianguka ukiwa peke yako hakuna wa kugeuza chombo. Kamba hiyo ndiyo nafasi yako ya pili, na usukani ufungwe nayo kwa namna kwamba ukiivuta, chombo kinageukia upepo na kusimama.

Usiku nakaribia Ukara naona taa nyingi kama mji. Nitajuaje ni mji au ni karabai za wavuvi? — Msomaji, Bugorora

Kwanza tazama kalenda. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikijaa kazi hupungua au husimama. Usiku usio na mwezi, tarajia mji ulio juu ya maji.

Taa za mji zimepangana kwa urefu, nyingine juu nyingine chini, na hazitikisiki. Karabai, siku hizi nyingi ni za sola, zote ziko usawa mmoja na zinapanda na kushuka na mawimbi. Inama hadi macho yako yakaribie maji: taa zinazozama na kuibuka ni za majini. Mara nyingi zinaelea zikiwa zimeunganishwa kwa kamba, na wavuvi wako kando kwenye giza. Usipite kati yake. Zunguka msururu mzima.

Meli na vivuko: nyekundu ni ubavu wao wa kushoto, kijani wa kulia. Ukiona moja tu, unaona ubavu wao mmoja, na bado mnaweza kukutana. Ukiona zote mbili kwa pamoja wanakujia, ondoka njiani mapema. Wewe chombo chako kikiwa chini ya mita saba, tochi nyeupe yenye nguvu inakubalika, lakini imulike kwenye tanga, si kwenye macho ya nahodha wa kivuko. Tanga jeupe lililomulikwa linaonekana mbali.

Ukinasa nyavu usikate. Achia demani, tua tanga, inua usukani, na nyavu mara nyingi hutoka yenyewe. Ikikulazimu kukata, toa taarifa kwa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi, ya mwalo wa karibu. Nyavu ni duka la mtu.

Na ukiona moshi mweusi unasimama juu ya maji mbali, si lazima pawe na meli inayoungua. Huenda ni wadudu wa ziwa, wanaotoka kwa mabilioni hasa karibu na mwezi mwandamo. Funika pua na mdomo kwa kitambaa na uendelee.

Radi na dhoruba vikinikuta karibu na kufika, nikimbilie bandarini au nibaki nje? — Mama Nahodha, Kayenze

Shikamoo mama. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kuondoka, huwa unataja upepo na mawimbi ya Ziwa Victoria. Usiku hewa ya nchi kavu kutoka pande zote hukutana juu ya ziwa na kujenga mawingu ya radi, kwa hiyo saa za hatari zaidi ziwani ni usiku wa manane hadi alfajiri, tofauti na kijijini.

Ukiona wingu lenye ukingo mweusi ulionyooka, upepo ukakata ghafla, kisha ukapata hewa ya baridi usoni, una dakika chache. Kama umebakiza chini ya dakika 15 na mlango wa bandari uko wazi, ingia. Zaidi ya hapo baki nje. Upepo wa mbele ya mvua hubadili mwelekeo, na mvua ikianza hutaona gati wala miamba inayolizunguka. Maji mengi chini na nafasi pande zote ni salama kuliko ufuko ulio karibu usioonekana.

Tua tanga lote, usijaribu nusu. Tupa omoni kitu cha kuburuza majini ili chombo kitazame mawimbi: ndoo mbili zenye kamba nene ya mita 30, au gunia lililofungwa mdomo kwa kitanzi cha nondo. Keti chini katikati, mbali na mlingoti uliolowa na kitu chochote cha chuma. Radi ikisikika chini ya sekunde 30 baada ya umeme, imekaribia. Usisimame kushughulika na foromali hadi zipite dakika 30 bila ngurumo. Mambo yakikuzidi nguvu, simu ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, ya Polisi 112. Simu ikae kwenye mfuko usiopitisha maji, na jirani wa nyumbani awe na saa uliyomwambia utafika.

Nikishafika niripoti wapi? Na ni kweli kuogelea kufunga kamba kunaleta kichocho? — Msomaji, Bunda

Kwenye mwalo, nenda kwa viongozi wa BMU. Watakuonyesha mahali pa kuegesha na kukutajia nyavu zilizotandazwa jirani. Kwenye bandari yenye gati la vivuko, ulizia msimamizi kabla ya kufunga, maana kamba yako ikikaa kwenye nafasi ya kivuko itakatwa bila heshima. Chombo kiwe kimesajiliwa na kukaguliwa na TASAC, Shirika la Wakala wa Meli Tanzania. Anayetoka Uganda au Kenya asianzie mwaloni kabisa, aende bandari yenye Uhamiaji na Forodha, kama Mwanza au Musoma.

Kichocho, ndiyo. Kinakaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na konokono, yaani palepale unaporukia kufunga kamba. Vaa buti ndefu, na ukilowa jikaushe kwa taulo mara moja ukisugua. Kipimo cha siku hiyohiyo hakitaonyesha kitu, pima baada ya wiki sita hadi nane. Dawa ni praziquantel, kwa uzito wako, kutoka kituo cha afya.

Usiku wa kwanza nilale nchi kavu au chomboni? — Yuleyule wa Bunda

Chomboni, kama umetia nanga. Kabla jua halijazama chagua vitu viwili ufukweni vinavyopangana kwenye mstari mmoja, sema mwembe mbele na paa la bati nyuma yake, kisha viwili vingine ubavuni. Amka saa 4, saa 7 na saa 10 usiku utazame, na vya usiku viwe vitu vyenye taa au vinavyoonekana kwa kivuli dhidi ya anga. Chombo kitacheza huku na huko kwa urefu wa amari, hilo ni sawa. Lakini mwembe ukitoka mbele ya paa na usirudi, nanga inatembea. Ongeza mita kumi za amari kwanza. Isipotulia, washa tochi, toa makasia na uitie upya mbali zaidi na ufuko.